Shukrani kutoka kwa familia ya fundi viatu wa Katwe

Asalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani wote wa Katwe hapa Kampala, pamoja na nyinyi msio Waislamu mliokaa matangani na sisi siku zote zile, asanteni sana jamani. Arobaini ya Mzee imepita salama. Mmetoa mabugo (pesa za rambirambi), mmeleta maturubai na masufuria, vijana wa boda mmesindikiza jeneza mpaka Bombo bila kudai hata hela ya mafuta, chemani wa LC, yaani mwenyekiti wetu wa mtaa, hukutuacha tangu usiku ule, na nyinyi mliotuma pesa kwa simu kutoka Juba na Nairobi, zimefika zote.

Wengi mliuliza Mzee aliingiaje kwenye hii kazi. Aliingia kijana mdogo kwa Mhindi mmoja, kazi yake kupaka gundi na kunyoosha misumari iliyopinda, mpaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, bosi wake akamwachia mashine moja na gunia la kalibu za mbao, ndo akahamia nazo Katwe. Ngozi ilipoadimika akakata lugabire, zile ndala za tairi, tukala kwa hizo. 1987 serikali ikabadilisha pesa, ikafuta sifuri mbili na juu yake ikakata kodi ya asilimia 30, akiba yake ya kununua soli ikaliwa hivyo, na hiyo stori aliisimulia kila mwaka na kila mwaka kwa hasira mpya. Halafu mitumba ikajaa soko la Owino, mafundi wengi wakaacha kushona wakabaki kuziba viraka, yeye akang'ang'ania viatu vya shule, ikifika Januari nyumba nzima hatulali, shangazi anashona, mama anapiga rangi, sisi watoto tunatoboa matundu ya kamba.

Kila mteja, Mzee alimsimamisha juu ya kipande cha boksi, anamchora mguu kwa penseli na jina pembeni. Siku ya arobaini tulivitoa nje vile vipande, mama mmoja akakuta mchoro wa mguu wake wa P3, alipokuwa darasa la tatu, akacheka mpaka machozi, akaomba aondoke nao, tukampa.

Duka tunafungua Jumatatu inshallah, kaka mkubwa ndo atakaa kwenye mashine. Mlioacha viatu njooni mtaje jina tu, risiti Mzee hakuwa nazo, aliandika kwa chaki chini ya soli. Anayemdai aje nyumbani tumalizane mapema, na anayedaiwa naye anajijua.