Tarehe za wagonjwa wa saratani zisiahirishwe kiholela wakati wa mlipuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo tunalisahau kila mlipuko wa ugonjwa unapopita. Machi 16, 2020, ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha, akiwa ameingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, shangazi yangu wa Rombo alikuwa amekwisha kupata dozi mbili za dawa za saratani ya titi, zile zinazotolewa kwa dripu kila baada ya siku 21 ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji. Dozi ya tatu hakuipata kwa tarehe yake. Hospitali aliyokuwa akitibiwa, ambayo sitaitaja, iliwaambia wagonjwa wasubiri kupigiwa simu. Simu haikuja, na baadaye tuligundua kuwa namba iliyoandikwa kwenye faili lake ilikuwa ya marehemu mume wake. Lawama nyingine ni yetu wenyewe, kwa kuwa tuliogopa kumpakia kwenye daladala kuja Moshi, tukaridhika kumwona akijifukiza kila jioni kwa mwarobaini na mchaichai. Aliporudi hospitali zilikuwa zimepita wiki tisa, na uvimbe uliokuwa umeanza kunywea ulikuwa umekua tena.

Sisemi kwamba kila huduma iendelee kama kawaida. Mwanamke asiye na dalili yoyote anaweza kusogezewa kipimo cha mlango wa kizazi kwa mwezi mmoja au miwili bila madhara makubwa, lakini aliyekwisha kuanza dawa, au aliye katikati ya mionzi, hawezi kuwekwa katika fungu hilo hilo. Mionzi hutolewa takriban kila siku ya kazi kwa majuma kadhaa, na ikikatizwa njiani uwezekano wa kupona hupungua. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa huku wameifuata Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, safari ya siku nzima ndani ya basi, kisha kutafuta ndugu wa kuwapokea. Mlipuko ukiingia, ndugu huyo naye huwa na hofu ya kumpokea mgeni. Ndiyo maana utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, ulioonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani ya titi wanaweza kupewa mionzi mara 5 kwa wiki moja badala ya mara 15 kwa wiki tatu, unawahusu sana watu wa mbali kama sisi, ilimradi mashine na wataalamu wawepo.

Kuna suala la homa pia. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, hivyo homa kwa mgonjwa wa namna hii ni dharura inayohitaji antibiotiki mara moja. Lakini wakati wa korona mwenye homa alionekana kwanza kuwa mshukiwa, akatengwa kusubiri majibu. Wauguzi wa mapokezi wanapaswa kuelekezwa mapema kumuuliza kama yuko kwenye dawa za saratani, na mgonjwa apewe kadi inayosema hivyo.

Mkoa wa Kagera umepata mlipuko wa Marburg, homa hatari ya virusi, mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2025, kwa hiyo maandalizi haya hayawezi kuahirishwa. Kipimo cha damu cha kabla ya dozi kinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya, iwe ya mji wa Mkuu kule Rombo au ya Karatu, na majibu yakatumwa kwa simu, ili mgonjwa asafiri siku ya dripu tu. Mwenye maumivu makali apewe mofini ya kunywa ya kumtosha muda mrefu zaidi kadiri sheria inavyoruhusu. Na leo hii, kabla ya mlipuko wowote, kila kliniki ya saratani ihakiki namba za simu katika mafaili yake, ikiandika mbili kwa kila mgonjwa: yake, na ya mtu anayelala naye nyumba moja.

Mwalimu mstaafu,
Moshi