Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Likeni za Kihambani Si Ugonjwa wa Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu, huku kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Pengine umeona kwamba miti ya njia uliyopita haijapakwa chokaa, ingawa ndiyo desturi ya shule nyingi pakiwa na ugeni. Hatukusahau wala hatukuishiwa chokaa. Tungepaka, tungefunika kile ambacho risala hii inakihusu.

Mabaka ya kijivu, ya kijani kilichopauka na ya njano yaliyo kwenye magome ya mringaringa, mruka na mgrivea ni likeni, au kwa jina jingine kuvumwani. Kila baka ni ushirika wa kuvu na mwani wa kijani, na katika aina nyingine mahali pa mwani pana bakteria wa kijani-buluu. Kuvu hujenga mwili na kutunza maji. Mwenzake hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alieleza ushirika huu mwaka 1867, na wataalamu wenzake wengi wakampinga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, malalamiko tunayoyasikia zaidi vihambani, yaani kwenye mashamba yanayozunguka nyumba zetu, ni kwamba likeni zinanyonya mibuni. Hazinyonyi. Likeni haina mizizi. Zile zenye umbo la majani hujishikiza kwa nyuzi fupi ambazo huishia kwenye gome la nje lililokwisha kufa. Maji huyapata kwenye mvua, ukungu na umande, na madini kwenye maji hayo na vumbi. Kirukia ni jambo jingine kabisa: huo ni mmea wenye majani, unaopenyeza mizizi ndani ya tawi lililo hai, na huo ukatwe.

Kwa nini basi likeni huwa nyingi kwenye tawi linalokauka? Kwa sababu tawi hilo limepukutisha majani, mwanga ukaingia, na gome lake limeacha kukua haraka. Likeni imefika baada ya tatizo. Anayekwangua likeni kwa panga anajeruhi gome na kufungulia magonjwa mlango, huku chanzo kikibaki palepale. Achunguze shina karibu na ardhi: akikuta tundu na unga wa mbao, ni bungua, mdudu anayetoboa shina. Kama hakuna, atazame kama maji yanatuama, kama mbuni umekosa mbolea, au kama haujapogolewa kwa misimu mingi.

Kuna njia rahisi za kuitambua likeni. Dondoshea tone la maji kwenye baka kavu la kijivu, usubiri kidogo. Mara nyingi litageuka kijani, kwa kuwa ngozi ya juu ikilowa hupitisha mwanga na mwani wa chini yake huonekana. Zile zinazoning'inia kama ndevu, za jenasi Usnea, chukua uzi mmoja uliodondoka, uloweshe, kisha uvute taratibu kwa ncha mbili. Ganda la nje litakatika vipande vipande, na katikati utabaki uzi mweupe unaovutika kama mpira. Unga mweupe kwenye kingo za baadhi ya likeni nao usimtishe mtu akanyunyizia dawa. Ni chembe za kuvu na mwani zilizofungamana, zikisubiri upepo au mvua izipeleke kwenye gome jingine.

Kuzikaribisha nyumbani ni zaidi kuacha kufanya kuliko kufanya. Baka hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, na aina zilizogandamana na jiwe mara nyingi hazifikishi hata milimita moja. Kwa hiyo gome likisuguliwa asubuhi moja, kazi ya miaka imepotea. Chokaa hufunika gome na kubadili uasidi wake. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba, ambazo mkulima hunyunyizia magonjwa ya mbuni ya chulebuni na kutu ya majani, huua likeni pia. Hatusemi ziachwe, ila bomba lielekezwe kwenye mbuni, na kazi ifanyike upepo ukiwa umetulia, si kulowesha na mti wa kivuli. Jiko la kuni na shimo la kuchomea taka viwe mbali na miti, hasa upande ambao upepo haupeleki moshi kwenye miti hiyo. Karibu na zizi au banda la kuku, amonia hufukuza zile za ndevu na kuleta za njano zinazopenda naitrojeni. Hizo nazo ni likeni halali, lakini zinakusimulia hali ya hewa ya hapo.

Aina ya mti nayo ina uzito. Gome lisilobanduka, kama la mringaringa au mparachichi, ndilo makazi. Mkaratusi na mpera huvua magome yao, na likeni huanguka nayo.

Anayetaka kuhamishia likeni mti mwingine asiende kuibandua msituni. Msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005. Achukue tawi lililoangushwa na upepo kihambani mwake, alifunge kwa uzi wa katani kwenye mti wa aina ileile, kimo kilekile na mwanga uleule. Asitumie gundi wala waya wa shaba. Wakati wa kiangazi anyunyize kidogo asubuhi kwa mvua iliyokingwa moja kwa moja kwenye ndoo. Maji yaliyotiririka kwenye bati jipya hubeba zinki, na zinki ni sumu kwake. Kosa linaloua nyingi ni kulowesha kila jioni. Likeni iliyolowa gizani huendelea kupumua bila kutengeneza chakula, hivyo hula akiba yake hadi iishe. Inahitaji kukauka kati ya kulowa na kulowa.

Faida huonekana hata kwa ndege: baadhi ya chozi hupachika vipande vya likeni kwenye viota vyao kwa utando wa buibui, kiota kikafanana na gome.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Tunaomba lenzi 12 za mkono zinazokuza mara 10, kwa ajili ya kuhesabu aina za likeni ndani ya fremu za sentimita 10 kwa 50, zikipimwa pande nne za shina kuanzia mita 1 kutoka ardhini. Pili, tunaomba utusaidie kupata tangi la maji lisilotegemea bati. Tatu, katika hotuba yako, uwaambie wazazi waliopo hapa waweke panga chini wanapoziona likeni kwenye mibuni yao. Kwako watasikia upesi kuliko kwetu.

Tunaomba kuwasilisha.