Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: bei ya chumba iwe moja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Jamhuri ya Kenya.

KUH: ADA ZINAZOFICHWA KATIKA BEI ZA HOTELI

Mheshimiwa, pokea salamu zangu kutoka Kitengela. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa na sijawahi kumwandikia waziri. Jambo hili limenipata mara mbili kabla ya sasa, na mara zote nililimeza nikanyamaza. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita, mbele ya kaunta ya mapokezi ya hoteli moja kule Diani, mamangu alifungua fundo la leso yake. Tangu siku hiyo nimeshindwa kunyamaza.

Mama ana miaka 71. Amelima ndengu Kitui maisha yake yote, na bahari aliijua kwenye kalenda tu. Niliweka akiba kwa miezi 14 ili likizo hii ya Agosti nimpeleke, pamoja na binti yangu. Nilitafuta mtandaoni nikapata chumba cha watu watatu, malazi na kiamshakinywa, shilingi 9,800 kwa usiku. Kulala mara tatu ni shilingi 29,400. Nilituma nusu, yaani 14,700, kwa M-Pesa ili chumba kishikwe, na nusu ya pili nikaiweka kando. Tiketi za treni nilikata za kwenda na kurudi. Mshahara wa mwalimu unaujua, Mheshimiwa. Kila shilingi ilikuwa imeshapangiwa kazi yake.

Siku zenyewe zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Siku ya kwanza mama alichota maji ya bahari kwa kiganja, akaonja, akatema, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Kumbe kweli ni chumvi!" alisema. Hilo nilikuwa nimelilipia na ningelilipia tena.

Asubuhi ya kuondoka nikapewa bili. Shilingi 42,132. Nilidhani wamekosea chumba. Kijana wa mapokezi, mpole tu, akanisomea mstari kwa mstari. Chumba 29,400. Ada ya huduma asilimia 10, 2,940. VAT asilimia 16, 4,704. Ushuru wa utalii asilimia 2, 588. Kisha mstari wa mwisho: ada ya bwawa na ufuo, shilingi 500 kwa kila mtu kwa kila usiku, 4,500. Nikamuuliza haya yote niliambiwa lini. Akageuza kompyuta upande wangu, akashusha ukurasa hadi chini kabisa, chini ya picha za minazi, akaniwekea kidole kwenye maandishi ya kijivu: bei haijumuishi kodi na ada nyinginezo. "Iko hapa, madam," akasema. Herufi zenyewe ilibidi nivae miwani.

Nyinginezo! Nimefundisha Kiswahili miaka 19 na sijaona neno lililobeba mzigo mkubwa hivyo. Ndani ya "nyinginezo" mlikuwa na shilingi 12,732 zangu.

Salio lilikuwa 27,432. Kwenye simu nilikuwa na 22,000, na humo ndimo mlimokuwa na nauli na chakula cha njiani. Treni yetu ilikuwa ya saa tisa alasiri, na bado tulikuwa na kivuko cha Likoni na foleni ya kufika stesheni ya Miritini. Nikaanza kubishana, sauti ikapanda, watu wakageuka. Hapo ndipo mama, bila kuniuliza kitu, alipofungua fundo la leso, akatoa noti nne za elfu moja zilizokunjwa zikawa ndogo kama kisanduku cha kiberiti, akazinyoosha moja moja juu ya ile kaunta ya marumaru. Zilikuwa pesa za ndengu. Mwalimu mwenzangu alinitumia elfu mbili, ndipo tukaruhusiwa kutoka na mabegi yetu. Garini mama aliniuliza, "Mwanangu, ni mimi nilikula sana?"

Mheshimiwa, mwanamke yule alikula mkate, yai na chai. Kwenye bwawa hakutia hata kidole cha mguu. Alikaa kwenye benchi chini ya mnazi, viatu mkononi, akimtazama mjukuu wake. Na huo ufuo tuliotozwa si mali ya hoteli. Katiba yetu, Ibara ya 62, inaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Wavuvi na wauza madafu walikuwa wakipita kwenye ufuo ule ule tuliotozwa.

Nieleweke. Sikatai kodi. VAT naijua na ushuru wa utalii naujua, vyote ni vya kisheria na nchi inavihitaji. Ninachouliza ni kwa nini havikuwemo ndani ya 9,800 tangu mwanzo, ilhali hoteli inajua fika kwamba hakuna mgeni atakayeviepuka. Kitu ambacho kila mteja lazima akilipe ni sehemu ya bei. Hata ada ya huduma sikuilalamikia, kwa ajili ya wafanyakazi, ingawa nilipomuuliza mhudumu wetu wa mezani kama inamfikia, alitazama chini tu.

Nafikiri najua yanakotoka haya. Kwenye mitandao ya kukodi vyumba hoteli zinaweza kupangwa kwa bei, ya chini ikatangulia. Anayeandika bei yake kamili anasukumwa chini na jirani yake aliyeandika nusu ya ukweli, hata kama mwishoni jirani ndiye ghali zaidi. Basi hata mwaminifu anajifunza kuficha. Huenda pia ada hizi zikilipwa kaunta, wakala wa mtandaoni hapati asilimia yake. Vyovyote iwavyo, anayeumia ni aliyesafiri na pesa za kuhesabu.

Na sheria tunayo, Mheshimiwa! Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inamkataza mtoa huduma kutoza ada, iitwe jina lolote lile, ambayo mteja hakujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma. Inasema pia kwamba mteja ana haki ya kuambiwa ada zote. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji. Je, mstari wa kijivu chini ya picha ndiko kujulishwa? Nilipiga simu ofisi moja ya serikali kule Mombasa nikaambiwa niandike barua. Ndiyo hii.

Wenzetu wamelishughulikia. Marekani, ambako hoteli za Las Vegas zimezoea kubandika ada ya kila usiku juu ya bei ya chumba, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza tarehe 12 Mei 2025 inataka ada zote za lazima zihesabiwe katika bei inayotangazwa. Uingereza nayo ilipiga marufuku mtindo huo mwezi Aprili mwaka huo huo. Kama Las Vegas imeweza kuambiwa, Diani itashindwaje?

Kwenye kampeni ya utalii wa ndani mlituambia: Tembea Kenya. Mwaka 2020, ndege za kimataifa zilipositishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, wageni wa ng'ambo hawakuwepo, na ni sisi Wakenya tulioombwa tuzijaze hoteli zetu. Tulikuja. Tulikuja na watoto wetu na vikapu vyetu. Je, malipo ya kuja kwetu ni kuviziwa mlangoni wakati wa kutoka?

Nimeshajifunza sasa. Kabla sijatuma hata shilingi moja nitaandika kwa WhatsApp: "Nipe jumla ya kila kitu, kodi zote, ada zote, watu watatu, hadi siku natoka." Asiyenijibu kwa tarakimu moja hapati pesa yangu, na jibu lake nitalihifadhi nimwonyeshe kaunta. Nimewaambia walimu wenzangu wafanye hivyo hivyo. Lakini mkulima wa Kitui ataulizaje kuhusu ada ambayo hajui kama ipo?

Ombi langu ni moja tu. Kila hoteli yenye leseni ilazimishwe kutangaza bei moja, yenye kila kitu ambacho mgeni hana budi kukilipa. Hoteli ikitaka 14,044 kwa usiku, iandike 14,044. Nikiweza nitakuja, nisipoweza nitampeleka mama kwingine. Bei moja, Mheshimiwa. Hata kama mengine yote yatashindikana, hilo liwezekane.

Bili ninayo, pamoja na picha ya lile tangazo. Nikiitwa ofisini kwako nitakuja navyo, hata kesho, na mama amesema atakuja nami.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Kitengela.