Mume wangu ameandika jina lake kwenye picha yangu

Yaya, wewe unayejibu barua zetu, jambo. Ni usiku wa manane, yeye anakoroma hapo pembeni, mimi usingizi umenikataa.

Mamba muntu unaijua, ile picha ya mwanamke mwenye mkia wa samaki, kila sebule ya wazazi wetu ilikuwa nayo: nywele ndefu, saa mkononi, nyoka mabegani. Ndiyo niliyojifunzia. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na makaa kwenye ukuta wa nyuma, mama mkwe akafoka, nikahamia kwenye mifuko ya unga. Naufumua mshono, naufua mpaka maandishi yafifie, naupigilia kwenye mbao, naupaka rangi nyeupe ya nyumba, ukikauka naanza. Za mwanzo zilikuwa mbaya. Hii ninayokuandikia habari zake haikuwa mbaya. Magamba ya mkia niliyachora moja moja huku bukari, ugali wetu, inaungua, na hilo nalo nilisemwa.

Mwenye baa mmoja wa Kamalondo akainunua dola 20. Mume wangu ndiye aliyeipeleka, maana mimi baa siingii. Siku moja nikapita mchana, nikachungulia mlangoni. Pale chini nilipoandika jina langu pamepakwa bluu, na juu yake kuna jina lake. Hata bluu yenyewe si ile! Ya kwangu niliichanganya na nyeupe kidogo. Yake ni ya kopo tu, imekaa kama kiraka.

Anasema nani angenunua picha ya mama mwenye mtoto mgongoni. Anasema pesa si tumekula wote? Ni kweli, tumekula. Sikatai. Si mtu mbaya, hanywi, na tangu kazi ya mgodi iishe anahangaika. Usije ukamtukana kwenye jibu lako. Lakini kufuta, Yaya! Angeandika pembeni, nafasi ilikuwepo.

Tshibumba, yule mchoraji, naye alichorea mifuko ya unga hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwalimu mzungu wa chuo kikuu historia nzima ya nchi, picha karibu mia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna anayejua aliishia wapi, ila jina lake liko pale chini ya picha. Sijilinganishi naye. Nasema tu.

Sasa mwenye baa anataka nyingine mbili, moja ya mamba muntu, moja ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha taka za madini. Na Jumamosi anakuja kumwona "msanii" akifanya kazi. Mume wangu anasema atashika burashi yeye, mimi nikae jikoni. Yeye ambaye hajui hata rangi inaoshwa na nini!

Nimemwambia sichori tena, jina sitaki, abaki nalo. Lakini mfuko nimeshauwamba, na mkia nimeshauanza. Nimewaza niandike jina langu humo ndani ya magamba, herufi moja kwenye kila gamba, asione mtu. Huko ni kumdanganya mume? Au nitoke jikoni Jumamosi niseme mbele ya mgeni, dola zikipotea zipotee? Wifi yangu anasema nitamwaibisha. Na mimi pale baa, nani aliniona haya?

Usinijibu kwamba nimweleze kwa upole, nimeshaeleza. Jibu kabla ya Jumamosi, na barabara yetu usiitaje, maana hata yeye husoma majibu yako.

Mama Mapasa, Katuba