Risala ya Wanafunzi wa Tiba ya Mifugo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Kitivo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Kabla hujaketi mbele ya kompyuta hizi, tunaomba tukueleze kinachofanyika humo, kwenye programu zinazoiga wanyama wagonjwa, maana kwa mbali huonekana kama michezo ya watoto.

Chukua somo la nusukaputi. Kwenye skrini yupo mbwa wa kilo 20, ana mrija wa kupumulia kooni, anavuta isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvutwa kwa pumzi. Mwanafunzi anaona usingizi ni mwepesi, anapandisha kivukizaji, kifaa kinachochanganya dawa hiyo na oksijeni, kutoka asilimia 2 hadi 4. Dakika mbili zinapita, kimya. Anapandisha hadi 5, na kosa liko hapo. Mzunguko wa hewa, yaani mirija na mfuko anaopumulia mbwa, wenye ujazo wa lita 5, ukipewa oksijeni nusu lita kwa dakika, huchukua dakika 10 hivi badiliko kufika asilimia 63 tu, na mbwa mwenyewe anaendelea kuifyonza dawa. Dawa ya nyongeza ya kwanza bado iko njiani! Ikishafika yote, wastani wa shinikizo la damu unateremka chini ya milimita 60 za zebaki, na figo zinakosa damu ya kutosha. Ilitakiwa kwanza aongeze oksijeni hadi lita 2 au 3 kwa dakika ili badiliko lifike haraka, ndipo aguse kivukizaji, tena kidogo. Ubaoni hii ni hesabu kavu; kwenye programu saa huharakishwa, mstari wa grafu ukaonekana unavyochelewa.

Anayejisomea huandika anachotarajia kabla ya kubofya: shinikizo litakuwa ngapi baada ya dakika 5? Hubadilisha kitu kimoja kwa wakati, na hujaza fomu kila dakika 5 kama ilivyo chumba cha upasuaji. Asiyeandika hubofyabofya mpaka mbwa anapona, naye hajui kilichomponya.

Mkono haufundishwi humu. Kupapasa mpigo ndani ya paja, kugusa kona ya jicho, kupima ulegevu wa taya: hayo ni ya kliniki.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba saa moja ya mwalimu kila wiki, kupitia fomu zetu na kufafanua makosa yanayojirudia. Pia programu iwekwe kwenye seva ya hapahapa, kwani intaneti ikikatika katikati ya zoezi, kumbukumbu zote hupotea. Kompyuta mpya zinaweza kusubiri.

Tunaomba kuwasilisha.