Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: El Adde Tulizika Wangapi?

Kwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya,
Jumba la Ulinzi, Nairobi.

Mheshimiwa,

Kwanza pokea salamu za heshima. Tunajua shughuli ni nyingi, kwa hiyo tutaanza na swali lisilohitaji kuundiwa kamati. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, mtu wa kujitoa mhanga alipolipua gari lililosheheni vilipuzi katika kambi ya jeshi letu ya El Adde, mkoa wa Gedo nchini Somalia, na wenzake wa Al-Shabaab wakamfuata kwa bunduki, Kenya ilipoteza wanajeshi wangapi?

Miaka kumi imetimia. Ofisi yako haijajibu, wala waliokutangulia katika kiti hicho. Hassan Sheikh Mohamud, Rais wa Somalia wakati ule, alikuwa amekuja hadi kambi ya Moi kule Eldoret kuomboleza nasi, na mwezi uliofuata akasema kwenye televisheni kuwa waliokufa ni 180 au hata 200. CNN nao wakafanya hesabu yao, wakafika angalau 141. Wauaji wenyewe wakatoa idadi yao, na video juu. Kila mtu amehesabu, Mheshimiwa, isipokuwa mwenye watoto.

Tulichopewa sisi ni ukubwa wa bomu. Siku chache baada ya shambulio, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Samson Mwathethe, alieleza kuwa mlipuko ulikuwa na nguvu mara tatu ya ule wa ubalozi wa Marekani hapa Nairobi mwaka 1998. Tukaitikia kwa vichwa. Lakini ukubwa wa bomu ni nusu ya hesabu tu. Nusu ya pili ni umbali, na hiyo hakuna aliyetusomea.

Nguvu ya mlipuko hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali nao. Hatua chache zaidi kati ya gari na hema la kulala zinaweza kuwa tofauti ya masikio yanayovuma na jeneza. Ndiyo maana yeyote aliyewahi kupanga kambi ya vita anajua kuwa lango halipo kwa ajili ya kufungua na kufunga. Lipo ili kulichelewesha gari na kulizuia lisisogee. Barabara ya kuingilia hupindwapindwa kwa vikapu vya waya vilivyoshindiliwa mchanga, hadi dereva alazimike kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Handaki huchimbwa kuizunguka kambi, na udongo wake hurundikwa upande wa ndani. Vichaka hufyekwa ili mlinzi aone. Ukaguzi wa kwanza hufanyiwa mbali, na watu wawili watatu, ili gari likilipuka pale lisiondoke na kambi nzima. Nyuma yao huwepo silaha nzito inayoweza kusimamisha lori, imeelekezwa njiani usiku kucha, na hasa saa kumi na moja alfajiri, maana hao jamaa hawaji saa sita mchana.

Mambo huharibikia kwenye vitu vidogo. Vikapu vimeletwa lakini vimekaa vimekunjwa kwa sababu tingatinga la kuvijaza liko makao makuu ya sekta. Kikosi kipya kimepokea zamu, na kabla hakijajua ni kichaka kipi huwa na mbuzi asubuhi na kipi hakina, kimeshavamiwa. Redio na simu ya setilaiti vimewekwa hema moja, la kamanda. Hema hilo likienda, kambi inabaki bubu. Ghala la risasi liko jirani na vitanda. Muuza maziwa aliyekuwa akija kila siku haji siku mbili, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Hapo kwa muuza maziwa tutulie kidogo. Al-Shabaab huwaita askari wetu wavamizi, na hatutegemei waseme vingine. Lakini tuliingia Somalia wenyewe mnamo Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, ndipo mwaka uliofuata tukavaa kofia ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Wapo Wasomali wasiowapenda Al-Shabaab hata chembe ambao bado wanaona kofia ilibadilika, buti ni zile zile. Mwenyeji anayekuona hivyo hakupigii simu usiku kukuambia kuna magari mageni kijijini.

Hatusemi haya yote yalitokea El Adde. Hatuwezi kusema, kwa sababu tuliahidiwa uchunguzi wa bodi ya kijeshi na matokeo yake wananchi hawajayaona. Tunachojua ni kwamba mtindo wenyewe haukuwa siri. Leego, huko huko Somalia, tarehe 26 Juni 2015, kambi ya Warundi wa AMISOM: gari la bomu kwanza, wapiganaji nyuma yake. Janaale, tarehe 1 Septemba mwaka huo huo, kambi ya Waganda: vivyo hivyo. Miezi minne na nusu baadaye, sisi. Halafu kana kwamba somo halikutosha, tarehe 27 Januari 2017 ikawa Kulbiyow, Wakenya tena, magari ya mabomu tena. Jeshi likasema waliokufa ni tisa, Al-Shabaab wakasema ni zaidi ya hamsini. Al-Shabaab hatuwaamini. Ila aliyekataa kutaja idadi ya El Adde anatuomba tuamini ya Kulbiyow kwa dhamana ipi?

Utatuambia ni usalama wa taifa. Mheshimiwa, jeshi letu, KDF, liliihama kambi ya El Adde wiki hizo hizo za Januari 2016. Ramani ya kambi isiyokuwepo inamlinda nani? Tazama majirani. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Waganda ilivamiwa Buulo Mareer, Somalia, kwa mabomu ya kujilipua vilevile. Haikuchukua hata wiki mbili, Rais Museveni akatoka hadharani akasema waliouawa ni 54. Akasema na kosa lilikuwa wapi: makamanda wawili waliamuru askari warudi nyuma, nao watafikishwa mahakama ya kijeshi. Museveni, Mheshimiwa. Tumefika mahali pa kuionea wivu Kampala kwa uwazi.

Na hii si hamu ya kujua tu. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA, na wapo waliosemekana kutekwa. Asiye na mwili hana hati ya kifo. Bila hati ya kifo mjane hawezi kufungua mirathi: chifu anaweza kumwandikia barua ya kuwataja warithi, lakini mahakama itamuuliza cheti. Akikipata, jina huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, hungoja siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla usimamizi haujathibitishwa. Hadi hapo benki haitoi kitu na shamba halibadilishwi jina. Asiyepata hati kabisa hubaki na kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi, kinachomruhusu kuiomba mahakama imhesabu mtu kuwa amekufa baada ya kutosikika kwa miaka saba. Saba! Mtoto aliyekuwa chekechea Januari 2016 alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi miaka hiyo ilipotimia, na baba yake kisheria hayuko hai wala hajafa.

Kisha fidia. Kwa kila askari wa AMISOM aliyeuawa kazini palipangwa dola 50,000, na fedha hizo zilipitia Umoja wa Afrika. Mtu haombi fedha hizo kwa kusema "mashujaa wetu". Anaomba kwa jina, namba ya jeshi na tarehe ya kifo, mstari kwa mstari. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama orodha ipo, imepigwa mihuri, imekwenda Addis Ababa, na wageni wanaijua idadi ambayo mama wa marehemu haijui. Ama orodha haikukamilika, na kuna familia ambazo haki yao haikudaiwa. Hatujui lipi kati ya hayo ungependa kutuambia. Sisi tuko tayari kwa lolote.

Kila tarehe 14 Oktoba tunaadhimisha Siku ya KDF. Bendi hupiga vizuri. Hotuba husema hatutawasahau. Mheshimiwa, humsahau vipi mtu ambaye hukuwahi kumtaja?

Barua hii tulikusudia iwe na maombi mengi. Tulitaka ripoti ya bodi ya uchunguzi, hata ikiwa imepakwa wino mweusi kwenye mambo ya silaha. Tulitaka tujue nani alipewa tahadhari na alifanya nayo nini, na kwa nini msaada ulichelewa. Tulitaka kujua kama lango la Kulbiyow lilirekebishwa kwa yaliyoonekana El Adde, au kila kambi hujifunza kwa vifo vyake. Bado tunayataka. Lakini miaka kumi imetufundisha kupunguza.

Tunaomba idadi. Nambari moja tu, yenye sahihi yako chini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuiomba, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa siku 21 za kujibu. Tunazihesabu kuanzia leo. Na ukishaiandika, tafadhali usianze na waandishi wa habari. Ipeleke kwanza Eldoret, kwa familia za Kikosi cha Tisa kilichokuwa El Adde, uwasomee majina yote mbele yao, hata kama itachukua asubuhi nzima.

Wako kwa heshima,
Sisi tunaongoja idadi