Deraya nyepesi zichomelewe hapa Mtongwe

Mhariri,

Kila gari la askari wetu linapokanyaga bomu la kutegwa huko Lamu, huwa nasikia watu wakidai serikali inunue magari mazito zaidi, ya chuma kinene zaidi. Uchungu huo naujua, maana mpwa wangu ni mwanajeshi na njia ya huko, kutoka mji wa Hindi kwenda Kiunga, ameipita mara nyingi. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea, naunda bodi za malori na trela hapa Jomvu, na katika habari ya unene wa chuma nina neno: tujiundie wenyewe deraya, yaani magari ya kivita, zilizo nyepesi.

Bomu la chini ya gari halizuiwi kwa unene peke yake. Sakafu ikiwa bapa, mlipuko huikumba yote kwa pamoja na kuvunja migongo ya waliomo. Ikichongoka chini kama mkuku wa mashua, nguvu ile hugawanyika na kutokea ubavuni. Afrika Kusini walilijua hili tangu miaka ya 1970. Casspir yao, gari la kivita la umbo hilo, ina tani 11 hivi, imeinuliwa mbali na ardhi, na iliokoa wengi waliokanyaga mabomu. (Ilitumika pia kukandamiza Waafrika mitaani mwao, na hilo halifai kusahauliwa.) Viti navyo vining'inizwe kutoka darini au ukutani, visikanyage sakafu.

Marekani wenyewe walijifunza kwa gharama. Oktoba 1999 Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, alitaka brigedi nzima iweze kufika popote duniani kwa saa 96. Likaundwa Stryker, gari la magurudumu manane, karibu tani 19, lipate kuingia ndani ya ndege ya mizigo ya C-130. Kule Iraki likavishwa kizimba cha vyuma kuzuia makombora ya RPG, likawa pana na zito, na safari ya ndege hiyo ikawa haiwezekani tena. Sakafu yake bapa ikaendelea kuwaumiza askari mpaka mwaka 2011, yalipopelekwa Afghanistan yaliyochongoka chini.

Sisi Jeshi letu la Anga lina ndege za mizigo za C-27J Spartan kutoka Italia, ambazo hubeba takriban tani 11. Basi kipimo chetu kianzie hapo. Gari likizidi uzito huo litakwenda kwa barabara, na ukishaacha lami ni mchanga, na mvua zikinyesha ni tope. Gari zito haliwezi kutoka nje ya njia, litazama. Hulazimika kufuata mikondo ileile ya magurudumu kila siku, na adui anajua hivyo, bomu hulitega papo hapo. Jepesi lina uhuru wa kukata kichakani. Najua gari lililoinuliwa sana laweza kukwama mlangoni mwa ndege, lakini hiyo ndiyo kazi tunayowalipa wahandisi.

Mwaka 2021 tuliagiza magari 118 ya kivita ya Hızır kutoka Uturuki. Sina ubaya nayo. Ila ujuzi wa kuyaunda umebaki huko huko, ilhali Mtongwe tuna Kenya Shipyards inayochomelea meli, Miritini malori yanaunganishwa, Eldoret kuna kiwanda cha risasi. Nigeria, kupitia kiwanda chao cha DICON, wametoa gari lao la Ezugwu.

Sisemi kazi ni rahisi. Chuma cha deraya hupewa ugumu kwa kupashwa moto sana kisha kupozwa ghafla. Ukikichomelea, ukanda wa kando ya mshono hulainika. Kwa hiyo mshono usiwekwe kwenye ncha ya chini, mahali mlipuko unapopiga kwanza. Bamba moja likunjwe kwa mashine, mishono ikae juu. Na hapa kwetu pwani kuna unyevu. Vijiti vya kuchomelea vikinywa unyevu, haidrojeni huingia ndani ya mshono, na ufa hujitokeza kesho yake au keshokutwa, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Vijiti sharti vikaushwe kwenye oveni na vitumike vingali na joto, na mkaguzi arudi baada ya siku mbili. Mshono unaoonekana safi jioni si ushahidi wa kitu.

Naiomba Wizara ya Ulinzi itenge fedha za magari mawili matatu ya majaribio, yaundwe Mtongwe juu ya injini na ekseli za malori ambazo spea zake zinapatikana hapa nchini. Yalipuliwe kwa bomu la kweli kabla askari yeyote hajaketi ndani. Na kwenye kamati ya kuyachora waitwe madereva waliorudi kutoka msitu wa Boni huko Lamu, wasikae maafisa wa ununuzi peke yao.

Fundi wa kuchomelea,
Jomvu, Mombasa